Mulangira Hapigi Goti

Kazi ya kuchambua senene, wale panzi wa kukaanga, ina ubaya mmoja: inafunga mikono yote miwili na kuyaacha masikio bila kazi. Mabawa, miguu, tupa, shika mwingine. Ukimaliza ndoo ya kwanza umeshawasengenya watu wote wa Hamugembe unaowafahamu, na gunia bado linachezacheza. Ndiyo sababu uani kwa Shangazi Gaudiosa, Desemba ile, Joyness alisamehewa kuchambua. Kazi yake ilikuwa kuwasomea wenzake.

Joyness alikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu wa kujitolea katika sekondari moja ya mjini Bukoba. Likizo ilipoanza alihamia kwa shangazi yake na begi moja la nguo na jingine la vitabu. Kwenye begi la vitabu, chini kabisa, chini hata ya Biblia, alikuwa ameficha *Mateka wa Kikale*, juzuu tatu kati ya nne, alizozinunua kwa Omary, muuza vitabu vya mtumba karibu na stendi. Jalada lilikuwa na msichana aliyelegea mikononi mwa mwanamume mwenye kifua cha kutosha watu wawili. Ndani mlikuwa na mambo ya enzi za wafalme wa Buhaya. Mulangira Bwogi, yaani mtoto wa mfalme, anamwona Kemilembe, binti wa mkulima, akichota maji mtoni. Anampenda papo hapo, na kwa kuwa ni mtoto wa mfalme, haoni sababu ya kumwambia. Anambeba juujuu hadi kikale, kwenye boma la baba yake.

Tusidanganyane, kilikuwa kitabu kitamu. Joyness alikuwa ameisoma juzuu ya kwanza mara mbili, mlango umefungwa, moyo ukimwenda mbio kama mtu aliyekimbizwa na mbwa. Na hapo ndipo palipokuwa na aibu yake. Kila Alhamisi shuleni alisimama mbele ya wasichana wa kidato cha pili, akawafundisha kwamba hapana ni hapana, kwamba mwili ni wako, kwamba anayekushika bila ridhaa yako ana kesi ya kujibu. Wasichana walirudia kwa sauti mpaka walimu wa madarasa ya jirani wakalalamika. Halafu mwalimu mwenyewe anarudi chumbani kwake na kumfungulia Bwogi ukurasa. Mwalimu wa namna gani huyo? Alijiuliza sana, na akijiuliza aliendelea kusoma.

Siri ilifichuka siku Shangazi Gaudiosa alipotafuta blanketi kwenye begi lisilokuwa lake. Alilitazama jalada, akamtazama Joyness, akapaza sauti hadi nyumba ya pili, "Dativa! Njoo na kigoda chako, tumepata kitabu!"

Basi walikaa wanne. Shangazi Gaudiosa alikuwa kwenye kikaango, kwa kuwa senene wa biashara walikuwa wake. Jirani yake, Dativa, mjane mwenye kicheko cha kusikika barabarani, alichambua kwa kasi kuliko wote. Bibi Kokushubila, mama yake Gaudiosa, alikuwa ameshuka kutoka Kamachumu kungojea kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na kwa kuwa macho yalimwonyesha ukungu tu, alichambua kwa vidole. Joyness alikalia ndoo iliyogeuzwa, kitabu mapajani.

"'Kemilembe akageuka,'" alisoma. "'Mtungi ukamponyoka ukapasuka. Mulangira Bwogi alikuwa amesimama juu ya jiwe katikati ya mto, maji yakimtiririka kifuani...'"

"Kifuani!" Dativa alirudia, akafumba macho.

"Mwache mtoto asome, bwana!" Shangazi Gaudiosa alisema.

"Nimemzuia? Nimesema kifuani tu."

Joyness akaendelea. Bwogi akaruka jiwe la kwanza, akaruka la pili. Kemilembe akasema hapana, niache, mimi si wa kikale. Hapo Joyness akainua macho, na badala ya kuwaona Dativa na shangazi yake, aliwaona wasichana wake wa kidato cha pili wamekaa mstari mmoja wakimtazama. Ulimi ukamgeuka wenyewe.

"'Bwogi akapiga goti majini,'" alisoma, maneno ambayo hayakuwa yameandikwa popote. "'Akasema: Kemilembe, naomba ruhusa yako. Ukikataa, nitarudi nilikotoka.'"

Senene mmoja aliyebaki na bawa moja akaruka akaangukia begani kwa Dativa, naye hakumwondoa.

"Amefanya nini?" aliuliza.

"Amepiga goti."

"Nani?"

"Mulangira."

"Mulangira apige goti? Kwa binti wa mkulima? Mtoni?" Dativa akapiga mapaja yake. "Waitu! Huyo si mulangira, huyo ni katekista anatafuta mchumba!"

Shangazi Gaudiosa alicheka hadi akaacha kukoroga. Watu wa kule wanajua nani humpigia goti nani. Hata mtoto wa chekechea angemkamata Joyness kwa kosa lile. Bibi Kokushubila peke yake hakucheka. Aliinua kidole kilichojaa mabawa.

"Na hujafunua ukurasa," alisema. "Macho yangu mabovu, masikio ni mazima. Umesoma maneno mengi kuliko karatasi. Soma kilichoandikwa, mwijukuru."

Aibu ikamgeukia Joyness kuwa hasira. Alisimama, akawapa somo lote la Alhamisi, tangu mwanzo hadi mwisho. Bwogi si mpenzi, ni mtekaji. Angekuwa mtu wa leo angekuwa jela Muleba. Mwandishi anatuuzia uhalifu na kuutia manukato, na sisi tunashangilia kifua. "Na mimi mwenyewe nashangilia!" alimaliza. "Ndicho kinachoniudhi!"

"Umemaliza?" Bibi aliuliza kwa upole.

"Nimemaliza, Bibi."

"Mimi najua kwamba ni mtekaji. Huhitaji kuniambia. Mimi nilibebwa."

Alilisema kama anayetaja bei ya chumvi. Dativa akateremsha mikono. Shangazi Gaudiosa akageukia kikaango chake, na Joyness akaona mgongoni mwake kwamba habari ile haikuwa mpya kwake.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba," Bibi alisema. "Natoka kisimani Kamachumu, ndoo kichwani. Vijana wanne, mmoja wao babu yako. Siku ya pili wazee wa kwao wakaja kwa baba na pombe ya rubisi, wakaongea wao kwa wao, ikaisha. Ikawa ndoa."

"Babu?" Joyness aliuliza. Babu Rutaihwa, aliyemfundisha kupanda baiskeli? Babu ambaye kuku wakimwingilia ndani huwaomba watoke?

"Babu yako. Kaa chini, usimwage senene."

Joyness akakaa. Kitabu kilimwunguza mapajani. Wiki nzima alikuwa amewaza jinsi ya kuwalinda wasichana wa kidato cha pili, na hapa mbele yake alikuwa na mtu ambaye jambo lenyewe lilimkuta, naye alikuwa akimsomea kama burudani. "Bibi, nisamehe. Nakichoma kitabu hiki leo hii."

"Ukichome?" Bibi alishtuka kwelikweli. "Sijajua mwisho! Wewe mtoto, sikiliza. Bwogi ananukia maua ya mwituni, wameandika hivyo. Babu yako siku ile alinuka rubisi na woga. Hawafanani. Huyu wa kitabuni nikimchoka nitakwambia funga, na utafunga. Siku ile ya kisimani nilikuwa na nani wa kumwambia funga? Tena ni kitamu. Kitu kikiwa kitamu ni kitamu, sitaki kusingizia." Akachambua senene wawili. "Na ninangoja kitu."

"Kitu gani?"

"Nangoja amuulize. Juzuu nne! Katika kurasa zote hizo, siku moja lazima amuulize kama alitaka. Nataka nisikie anamuulizaje, na yule binti anajibu nini. Sasa rudi pale mtoni, usome vizuri."

Joyness alirudi mtoni. Alisoma jinsi Bwogi alivyombeba Kemilembe begani, na jinsi Kemilembe alivyomng'ata sikio hadi damu ikatoka, na hapo Bibi Kokushubila alitoa ukelele wa furaha hata jirani wa nyuma akauliza kama kuna harusi.

Siku zilizofuata zilikuwa moto. Dativa alianza kufika kabla ya chai. Wanawake wawili zaidi walijitolea kuchambua bure, ila tu waanzishiwe tangu ukurasa wa kwanza, wakakataliwa. Kila Bwogi alipofanya ushenzi, Bibi alisema "Mpumbavu!" na kila alipovua joho lake alisema "Endelea." Joyness naye alisoma bila kuruka neno, na alipokasirika alikasirika kwa sauti, katikati ya sentensi, wenzake wakimjibu. Aligundua kwamba hivyo kilikuwa kitamu zaidi kuliko mlango ukiwa umefungwa.

Juzuu ya tatu iliisha Ijumaa moja saa sita mchana. Kemilembe ametoroka kikale. Bwogi amemfuata peke yake, amemkuta pangoni, na safari hii mwenye mkuki ni Kemilembe. Ncha iko kooni kwa mulangira. Joyness alikuwa amesimama, hakujua alisimama saa ngapi.

"'Bwogi akameza mate. Akasema: Kemilembe, kuna neno moja nataka kukuuliza.'"

Akafunua ukurasa. Hakukuwa na ukurasa. Ulikuwa ndio mwisho wa juzuu.

Kelele iliyopigwa uani siku hiyo haielezeki. Shangazi Gaudiosa aliunguza kikaango kizima cha senene, hasara ambayo alimbebesha mwandishi. Bibi Kokushubila alikuwa ameshika mkono wa Joyness kwa nguvu. "Anamuuliza," alisema. "Nilikwambia. Anamuuliza! Itafute ya nne."

Joyness alipanda bodaboda hadi stendi. Omary alijikuna kichwa. Juzuu ya nne ilikuwepo, alisema, lakini ilichukuliwa na Mwesiga, mnunuzi wa dagaa, akaenda nayo kisiwani Goziba. Joyness akampigia Mwesiga, simu ikakata. Akapiga tena, ikakata. Mara ya tisa akaipata sauti yake ndani ya upepo wa kisiwani. Kitabu kipo, Mwesiga alisema, ila kina foleni. Kambi nzima inakisoma kwa zamu. Hivi sasa kiko kwa mtu wa kumi na moja, na yule ana haki yake.

"Mwambie asome haraka!" Joyness alipiga kelele barabarani, watu wakigeuka. "Kuna mgonjwa anakingoja!"

Haukuwa uongo. Bibi alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia wiki ile, akarudishwa Kamachumu akiwa na dawa ya matone na katazo la kusoma na kuinama. Kila jioni alipiga simu kuuliza jambo moja tu, nalo halikuhusu jicho.

Kitabu kiliteremka na boti siku tatu kabla ya Krismasi. Kilinuka dagaa jalada hadi jalada. Pembeni mwa kurasa wavuvi walikuwa wameandika maoni yao kwa kalamu za rangi tofauti, na Joyness aliona la kwanza kabla hajakifunga: *Safi sana Bwogi!* Na chini yake, mwandiko mwingine: *Mwache dada wa watu.* Alikifunga upesi. Alikuwa ameahidi kutotangulia kusoma hata mstari mmoja, na safari nzima ya kwenda Kamachumu alikikalia ili asishindwe na tamaa, Shangazi Gaudiosa kando yake na ndoo ya senene wa sikukuu.

Bibi aliwangoja sebuleni, mlango umefunguliwa kuelekea kwenye migomba. Babu Rutaihwa alikuwa nje karibu na kizingiti, akichonga mpini wa jembe. Tangu upasuaji, yeye ndiye aliyempikia mkewe na kumtia matone jichoni, mkono wake wa miaka karibu themanini ukishikiliwa na mwingine usitikisike. Joyness alimwamkia akitazama miguu yake. Hakuweza kumtazama usoni. Alimpenda na alimkasirikia, na vyote viwili havikutaka kupishana.

"Soma," Bibi alisema, akivuta ndoo ya senene. "Kila kilichoandikwa."

Joyness alifungua.

"'Akasema: Kemilembe, kuna neno moja nataka kukuuliza. Nani amekupa mkuki huo?'"

"Nini?" Shangazi Gaudiosa alisema.

"'Nani amekupa mkuki huo.' Ndivyo ilivyo."

"Mpumbavu," Bibi alisema polepole. "Endelea. Bado ana muda."

Wakaendelea. Ilikuwa juzuu tamu kuliko zote, na hiyo ndiyo kweli yake: vita, moto, mvua, Kemilembe akimtibu Bwogi kwa majani na kumtukana kwa kila jani. Walicheka, wakapiga makofi, na senene wakasahauliwa. Kurasa zilipungua. Kwa kila ukurasa Joyness alisikia mpini ukichongwa nje, kisha hakuusikia tena. Akafika ukurasa wa mwisho. Bwogi anawekwa kuwa mfalme, ngoma zinalia, analeta ng'ombe mia moja kwa mkulima, anamshika Kemilembe mkono. Kemilembe anatabasamu. Mwisho.

Joyness alitazama nafasi nyeupe chini ya neno lile. Mstari mmoja tu ungetosha. Alikuwa na sauti ya mwandishi yule kinywani, angeutunga bila mtu kuushtukia, na Bibi angepata alichongojea. Bibi alikuwa ameegemea mbele, jicho jipya limefunguka lote. Asingeusikia ukurasa usiofunuliwa, maana haukuwepo mwingine.

"Ndio mwisho, Bibi," Joyness alisema. "Hakumuuliza."

Bibi aliegemea nyuma, na kwa mara ya kwanza Desemba ile alionekana mzee. Joyness alitamani kulia.

"Kila kilichoandikwa, nimesema," Bibi alisema baadaye. "Hakuna kingine?"

Kulikuwa na kingine. Chini ya neno *Mwisho*, kwa penseli, mtu mmoja wa Goziba, wa kwanza au wa kumi na moja, alikuwa ameandika. Joyness akasoma. "'Kitabu kizuri. Lakini yule dada hakuulizwa.'"

Kivuli kikaingia mlangoni. Babu Rutaihwa alikuwa amesimama kizingitini, vumbi la mbao mikononi.

"Mama Gaudiosa," alisema. "Siku ile ya kisimani. Ningekuuliza, ungenijibu nini?"

Shangazi Gaudiosa akaweka mkono mdomoni. Bibi alimtazama mumewe kwa jicho jipya, kama vile anaiona sura yake kamili.

"Ningekataa," alisema.

Babu aliinamisha kichwa. "Nilidhani padri alikuuliza. Kanisani."

"Padri aliniuliza nikiwa na tumbo la huyu." Alimwonyesha Gaudiosa kwa kidevu. "Hilo lilikuwa swali? Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja shuleni kwa masista. Ningekwambia hapana, Rutaihwa. Mwaka wa pili ungerudi, ningekwambia hapana. Mwaka wa tatu, sijui. Pengine ndiyo, maana ulikuwa unapiga filimbi vizuri. Huo mwaka wa sijui ndio mlioniibia. Ulikuwa wangu."

Machozi yalimtoka Babu bila sauti, na Bibi aliyaona, na hakuinuka kuyafuta. Joyness alihisi kifua kikimjaa, kikimjaa, na alishangaa kwamba kilichomjaa kilikuwa furaha.

"Mwijukuru," Bibi alisema. "Umekuja na ile juzuu ya kwanza?"

"Ninayo."

"Nisomee pale mtoni."

"Pale anapobebwa?" Joyness aliuliza.

"Pale anapomng'ata."

Joyness akaitoa begini. Babu alikuwa amekwisha kuchukua kigoda kilichokuwa karibu na mlango, amekishika kwa mikono miwili. Alikuwa akiingia kama mtu anavyoingia nyumbani kwake, halafu akasimama, mguu mmoja ndani.

"Naweza kukaa nisikilize?" aliuliza.

Bibi Kokushubila akachukua senene, akamtoa mabawa, akamtoa miguu. Akachukua wa pili. Akachukua wa tatu. Babu alingoja.

"Leo hapana," Bibi alisema. "Kesho uliza tena."

Babu akaitikia kwa kichwa. Akatoka na kigoda chake, akapita chini ya migomba kuelekea kwenye kahawa. Bibi alizisikiliza hatua zake mpaka zikapotea. Kisha akajipiga mapaja kwa mikono yote miwili, mabawa yakaruka sebule nzima.

"Haya, soma! Na asipige goti mtu!"

Joyness akafunua ukurasa wa mto, akasoma.